Neno la Mzee Halidhoofishwi

Asubuhi niliyoipata kazi hii sikuwa naitafuta. Niliondoka Nkwenda na begi moja bila kumuaga mtu, na gari la kwanza lililopita lilikuwa linakwenda Kayanga. Lingekuwa linakwenda Murongo, ningekwenda Murongo. Nilikuwa nakaribia miaka hamsini, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeishi tangu nilipoacha shule darasa la tano. Nilichunga ng'ombe wa watu mbugani. Nilinunua kahawa ya maganda vibanjani, kwenye mashamba ya nyumbani kwa watu, kwa niaba ya matajiri wa mjini. Nilibeba mizigo mpakani na nikachoma matofali. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoona nimeelewa kazi yao inavyokwenda, kisha nikaondoka. Watu waliniita mzururaji.

Mvua ilinikuta stendi ya Kayanga. Nikakimbilia kibaraza cha jengo moja lenye duka la vifaa vya shule, na nyuma yake vyumba viwili vya madarasa. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa yenye maneno SWALI LA WIKI. Mvua ilikuwa haina haraka, kwa hiyo nikasoma.

"Mwaka jana mvua ilinyesha vizuri na kahawa ikawa nyingi. Mwaka huu mvua imenyesha vizuri tena. Kwa hiyo mwaka huu kahawa itakuwa nyingi. Ni jambo lipi, kama ni kweli, linadhoofisha hitimisho hili?"

Chini yake yalikuwepo majibu manne, na moja lilikuwa limezungushiwa duara jekundu kama jibu sahihi: wakulima wengi siku hizi wanalima maharage. Nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini?"

Aliyeuliza alikuwa amesimama mlangoni, amevaa sweta la kijivu, miwani imeshuka puani. Baadaye nilijua ndiye Mkuu wa Kituo, mwalimu mstaafu aliyefungua mahali pale kuwaandaa watu kwa mitihani ya usaili, ile ya kuchuja waombaji wa kazi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nacheka jibu."

"Marahaba. Jibu lina nini?"

"Maharage hayauzuii mkahawa kuzaa. Watu wanapanda maharage katikati ya migomba na mikahawa inabaki palepale."

"Wewe ungejibu nini?"

"Ningesema mkahawa ukizaa sana mwaka huu, mwaka unaofuata unapumzika. Mvua inyeshe isinyeshe, mti umechoka."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la sweta. Alisoma karatasi yake mwenyewe kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

"Umesoma wapi?"

"Nilifika darasa la tano. Sikulimaliza."

"Basi ingia ndani," alisema, "na hilo usimwambie mtu."

Nilikaa pale miaka kumi na moja. Sikuwahi kukaa mahali popote muda mrefu hivyo, na ninawaandikia ninyi mtakaotunga maswali baada yangu mjue kazi hii ilivyofanywa na jinsi nilivyoiharibu.

Kwanza kazi yenyewe. Swali la namna hii lina sehemu zake. Maelezo yanayotangulia huitwa shina. Ndani ya shina kuna sababu, na baada ya sababu kuna hitimisho, ambalo mara nyingi huja na maneno "kwa hiyo" au "ndiyo maana". Kati ya sababu na hitimisho kuna pengo, jambo ambalo msemaji amelichukulia kuwa ni kweli bila kulitaja. Yule wa kahawa alichukulia kwamba mti ni uleule kila mwaka. Mtahiniwa anatakiwa aone pengo hilo, kisha achague jibu linaloingia ndani yake. Majibu mengine matatu huitwa vipotoshi. Kipotoshi kizuri hakitakiwi kuwa cha kijinga. Kinatakiwa kimvute mtu ambaye amesoma nusu.

Mwezi wa kwanza nilitunga majibu yaliyokanusha kila kitu. Mkuu wa Kituo akanipeleka nyuma ya jengo, kwenye migomba yake. Mgomba mmoja ulikuwa na mkungu mzito, umeegemezwa kwa mti wenye panda.

"Nikitaka kuuangusha huu nafanya nini?"

"Unaukata, Mwalimu."

"Na nikitaka kuudhoofisha?"

Niliutazama. "Unaondoa egemeo."

Akalitoa lile egemeo. "Umeona? Mgomba bado umesimama. Hata mkungu bado upo. Lakini sasa mwenye kibanja hatalala vizuri upepo ukivuma. Hilo ndilo swali linataka. Hatuui hoja hapa, tunaondoa egemeo." Kisha akacheka. "Sasa lirudishe. Huu ndio mkungu wa Pasaka."

Malighafi ya maswali niliitafuta kwa miguu. Siku za mnada nilikwenda mnadani, siku za soko nilikwenda sokoni, na Jumamosi alasiri nilikaa kwa wauza rubisi, pombe ya ndizi, nikiwasikiliza wanywaji. Nilikuwa na daftari dogo mfukoni. Mtu akisema "kwa hiyo", nilinyanyua sikio. Mwanamke mmoja alisema jirani yake amemloga kwa sababu migomba yake imenyauka tangu walipogombana. Mwanamume mmoja alisema senene wamekuwa wachache kwa sababu ya taa za umeme. Nilirudi ofisini, nikaandika shina, nikatafuta pengo, nikachonga vipotoshi. Niliipenda kazi ile. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa mshahara kwa ajili ya udadisi.

Tatizo lilijitokeza mwaka wa kumi, nilipoanza kuyapa maswali yangu watu wenye majina. Niliona swali lenye mtu ndani yake linasomeka vizuri zaidi. Nikaandika hivi:

"Mzee Bitegeko anafuga ng'ombe. Alisema: tangu tulipochimba lambo jipya, ng'ombe wetu hawafi tena. Kwa hiyo ni lambo ndilo lililowaokoa."

Jibu sahihi lilikuwa kwamba mwaka uleule wa lambo ng'ombe wote wa kijiji walichanjwa. Niliona ni swali rahisi. Darasa zima, isipokuwa watu wawili, lilichagua kipotoshi: Mzee Bitegeko ana uzoefu wa miaka mingi wa kufuga ng'ombe. Jibu hilo halidhoofishi chochote, linamnyanyua mzee.

Niliwauliza sababu. Wote walitazama meza. Aliyejibu mwishowe alikuwa Adventina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa wafugaji. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alikuwa ameshafeli usaili wa ukarani mara mbili.

"Sasa mzee," alisema kwa sauti ndogo, "nani atakayemwambia mzee Bitegeko kwamba lambo lake si kitu?"

"Huna haja ya kumwambia. Hii ni karatasi."

"Hata kwenye karatasi ana jina."

"Nimelibuni hilo jina, Adventina. Hayupo."

"Kwetu wapo akina Bitegeko watatu," alisema, na darasa likacheka. Kijana mmoja wa nyuma, Projestus, akasema, "Mzee, andika Dalali Bitegeko. Utaona tutakavyomshughulikia."

Walicheka tena, na mimi nikacheka. Jioni ile nilifanya kama Projestus alivyosema. Nilimtoa mzee nikamweka dalali wa ng'ombe kutoka mbali, maneno yakabaki yaleyale. Kesho yake darasa zima likapata. Walilichagua jibu la chanjo kwa furaha, kama watu waliosubiri siku nyingi kumnyamazisha dalali.

Hapo ndipo nilipokosea, na wakati ule niliona nimegundua dawa. Nilipitia maswali yote ya kituo, moja baada ya jingine. Kila palipokuwa na mzee, padri, mchungaji, mwenyekiti wa kijiji, mganga mkuu au mwalimu, niliweka dalali, mlanguzi, mpiga debe au mgeni asiyejulikana. Alama zilipanda. Mkuu wa Kituo alibandika matokeo ya majaribio ukutani pale kibarazani na watu wakaja kuyatazama kutoka stendi. Alinisifu mbele ya walimu wenzangu. "Huyu ndugu," alisema, "aliingia hapa akikimbia mvua. Mungu ana namna yake."

Muda mfupi baadaye tuliletewa Mratibu wa Mitihani. Alikuwa msichana wa Mwanza mwenye shahada ya upimaji, umri wa mwanangu kama ningekuwa na mwana. Kazi yake ilikuwa kukagua maswali kabla hayajachapwa. Wiki ya pili alikuja mezani kwangu na karatasi zangu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Alikaa. Alizipanga karatasi, akazipanga tena. "Baba, nilikuwa najiuliza tu. Kwa nini kila anayetoa hoja humu ni dalali?"

"Wanawaelewa madalali."

"Ndiyo. Nilikuwa najiuliza, mtihani wenyewe ukija na daktari? Au mzee wa kijiji? Wataweza?"

"Mwanangu," nilisema, "wewe umekuja juzi. Mimi hawa watu nimekula nao, nimelala kwao, nimechunga ng'ombe wao. Nawajua. Akijua kuondoa egemeo kwa dalali, ataliondoa kwa yeyote."

Alizikusanya zile karatasi.

"Sawa, baba."

Nilifurahi kwamba ameelewa. Ninyi mnaosoma mmeshaona jambo ambalo mimi, mwenye kazi ya kuona mapengo, sikuliona. Ile "sawa" niliihesabu kuwa amekubali.

Msimu ule Adventina alikuwa anajiandaa kwa mara ya tatu. Ilikuwa ya mwisho, kwa sababu tangazo la kazi huwa na umri wa mwisho na yeye alikuwa anaukaribia. Alikuja kituoni kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Mchana mmoja, tukila ndizi na maharage kibarazani, nilimuuliza kwa nini anajitesa hivi na ana kibanja cha mumewe chenye kahawa nzuri kule Kyerwa.

"Si kwa ajili yangu, mzee," alisema. "Baba aliuza mitamba kunisomesha. Kaka zangu hawajawasahau mitamba wale, kila mmoja wanamkumbuka kwa rangi yake. Wanasema ng'ombe walikwenda shule hawakurudi. Sasa mdogo wangu Kemirembe yuko kidato cha pili. Kaka wanamwambia baba: Adventina alisoma, kazi hakupata, kwa hiyo kumsomesha huyu mwingine ni kupoteza tena."

"Na baba anasemaje?"

"Baba amesema atasubiri matokeo yangu haya. Nikipata, Kemirembe anaendelea. Nikikosa, anarudi nyumbani."

"Hoja ya kaka zako ina pengo kubwa," nilisema. "Mtu mmoja kukosa kazi hakusemi lolote kuhusu mwingine."

Alitabasamu. "Naliona, mzee. Lakini kaka zangu si madalali."

Nilicheka na kuendelea kula. Alikuwa ameniambia kila kitu, nami nilikuwa natafuta chumvi.

Mtihani ulifanyika Bukoba. Tulikuwa na desturi kwamba watahiniwa wakirudi tunawaketisha wakumbuke maswali, ili tujue ya mwaka ujao yatafananaje. Mratibu wa Mitihani aliandika ubaoni walichokumbuka. La kwanza lilihusu mnyauko wa migomba:

Bwana shamba mstaafu, mwenye kuheshimika sana kijijini, amehitimisha kwamba kuunguza panga kwa moto kabla ya kukata majani ndiko kulikokomesha mnyauko, kwa sababu tangu wakulima waanze kufanya hivyo hakuna mgomba mpya uliougua.

La pili lilikuwa la mwenyekiti wa kijiji. La tatu, la mganga mkuu. La nne, la bibi mmoja mkunga. Nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa. Kadiri ubao ulivyojaa, nilizidi kumtafuta dalali. Dalali hakuwepo hata mmoja.

"La bwana shamba mlichagua nini?" Mratibu aliuliza.

Majibu yalikuja kama siku ile ya Mzee Bitegeko. Amefanya kazi vijiji vingi. Anaheshimika. Ana uzoefu. Jibu lenyewe lilikuwa kwamba migomba yote iliyougua ilikuwa imeng'olewa na kufukiwa kabla ya panga kuanza kuunguzwa.

Nilimfuata Adventina nje.

"Hukuliona lile la kung'oa?"

"Nililiona, mzee," alisema. "Nililiona mara moja. Nikaweka kalamu pale. Kisha nikamfikiria huyo mstaafu, miaka yote anafundisha watu kuunguza panga, mimi nije nimwambie haikuwa panga lake. Mkono ukakataa."

Matokeo yalipotoka jina lake halikuwepo. Hata Projestus hakuwepo. Katika kundi lile, kundi nililolifundisha mwenyewe kwa maswali yangu mapya tangu mwanzo mpaka mwisho, hakupita mtu. Makundi ya zamani, yaliyojifunza kwa maswali mabaya ya Mkuu wa Kituo yenye wazee na mapadri ndani yake, yalikuwa yanapitisha wachache kila mara. Mratibu aliendelea kunisalimia shikamoo kila asubuhi, kwa heshima ileile.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo nikamweleza kosa. Alinisikiliza, akavua miwani.

"Usijilaumu, ndugu yangu. Ni mwaka mbaya tu."

"Si mwaka, Mwalimu. Ni maswali."

"Maswali yale niliyapitisha mimi," alisema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Au unasema na mimi sikuona?"

Nilifungua mdomo. Alikuwa amenizidi miaka mingi, na ndiye aliyenitoa mvuani.

"Hapana, Mwalimu," nilisema. "Ni mwaka mbaya."

Wiki iliyofuata nilichukua bodaboda mpaka lami ilipoishia, kisha nikatembea kwenye majani mafupi mpaka kwa wazazi wa Adventina. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Baba Adventina alinipokea vizuri. Alinipa kigoda, akaagiza maziwa, na Adventina mwenyewe, aliyekuwa amekuja kumwona mama yake, akaniletea kibuyu kwa mikono miwili. Uani, juu ya ua wa zizi la ndama, palikuwa pameanikwa sweta la shule. Shule zilikuwa zimefunguliwa juma lililotangulia.

"Nimekuja kwa jambo moja," nilisema. "Binti yako hakufeli kwa ujinga. Ana akili kuliko mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya."

Baba Adventina aligeukia mbugani.

"Umefundisha miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na wapo waliofaulu?"

"Wapo."

"Basi," alisema taratibu, "mwalimu ni yuleyule na kituo ni kilekile. Wengine wamefaulu. Kwa hiyo aliyepungukiwa ni mwanangu."

Ilikuwa hoja, vijana wangu, hoja kamili yenye sababu na hitimisho, na pengo lake lilikuwa wazi kama mlango. Sikuwahi kuwa na uhakika wa jibu kama siku ile.

"Waliofaulu walifundishwa kabla sijabadilisha maswali," nilisema. "Tangu nilipoyabadilisha hajafaulu mtu. Hata mmoja."

Alinigeukia. Usoni pake palikuwa na upole ambao ulinitisha.

"Wewe ni muungwana," alisema. "Umetoka Kayanga mpaka huku, ukamalizia kwa miguu, kuja kujitwika aibu ya mtoto asiye wako. Watu wa namna yako wamebaki wachache. Kunywa maziwa."

"Si uungwana, ndugu yangu. Ni kweli tupu."

"Ndiyo. Kunywa."

"Muulize mwenyewe. Adventina, mwambie baba yako."

Adventina alikuwa amesimama karibu na nguzo ya mlango. Alitazama mikono yake. Nilimwomba kwa macho. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hata kwenye karatasi mtu ana jina, na sasa nilikuwa nataka aniondolee egemeo mimi, mbele ya baba yake, nikiwa nimeshika maziwa yao.

"Mzee hakukosea, baba," alisema. "Mimi ndiye sikuelewa."

Baba yake akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeona mwanawe amelelewa vizuri. Nilikunywa maziwa. Nilijaribu tena, nikajaribu kwa njia nyingine, nikazungumza juu ya Kemirembe kwa jina. Kila nilichosema kiliongeza uungwana wangu. Kemirembe, waliniambia, alikuwa amekwenda kwa shangazi yake kusaidia kazi za nyumbani, na kwamba ni mtoto mtiifu, hakulia.

Adventina alinisindikiza mpaka njia ya ng'ombe.

"Kwa nini umesema vile?" nilimuuliza.

"Ningesemaje, mzee?"

"Ungesema ukweli. Kwamba nilikuficha wazee wote mpaka ukakutana nao kwenye mtihani."

"Unanifariji tu, mzee. Mimi mwenyewe najijua. Nimefeli mara tatu, kwa hiyo kichwa changu si cha ofisini." Alilisema bila uchungu. "Usijisumbue tena. Umetufundisha vizuri."

"Adventina, hilo nalo ni hitimisho. Lina pengo."

"Sawa, mzee," alisema.

Niliendelea na kazi mpaka mwisho wa mwaka. Nilijaribu kuwarudisha wazee kwenye maswali, lakini alama za majaribio zilishuka na Mkuu wa Kituo akaniomba niache, kwa kuwa watu wa stendi walikuwa wanasoma ukutani. Madalali wakarudi. Nadhani bado wapo mpaka leo. Waliponiaga walinipa shuka la kimasai na mwamvuli, na Mkuu wa Kituo alisema katika hotuba yake kwamba hajawahi kumwona mtu mwenye jicho la kuona kosa kama langu. Watu walipiga makofi. Mratibu wa Mitihani alipiga makofi akitazama chini.

Mtaniuliza nawaachia ushauri gani. Sina. Zamani nilidhani mtu haoni pengo kwa sababu hajafundishwa kuliona. Sasa najua wengi wanaliona siku ya kwanza. Adventina aliliona, Mratibu aliliona, hata mimi mbele ya meza ya Mkuu wa Kituo niliona vizuri sana. Sina swali ninaloweza kulitunga la kupima kinachotokea baada ya hapo, mkono unapokataa. Na kama lingekuwepo, mtu wa umri wangu angelipitisha, na hakuna ambaye angemwambia kwamba ni baya.

Juzi asubuhi niliamka Kayanga nikafunga begi. Sikuwa na mpango. Gari la kwanza lililopita lilikuwa la Nkwenda, na pale Nkwenda, nilipokuwa nasimama nikifikiri, mwenye bodaboda aliniuliza, "Mzee, Murongo?" nikapanda. Tulifika alasiri. Murongo nilipafahamu enzi za kubeba mizigo, lakini nyumba zimeongezeka na sikumwona mtu ninayemjua. Nilitembea na begi mpaka nilipoona gesti ndogo yenye ua mpana nyuma. Mwanamke aliyekuwa akiisimamia alinifungulia kitabu cha wageni. Jina. Unakotoka. Unakokwenda, pale nikaacha wazi. Kazi, nikaandika mstaafu.

"Mstaafu wa kazi gani, mzee?"

"Ualimu, kidogo."

"Karibu sana, mwalimu." Alinipokonya begi nilipotaka kulibeba mwenyewe, akanipeleka chumba cha nyuma. Dirisha lake lilitazama uani, ambako alikuwa ameanika mashuka mengi meupe kwenye kamba tatu. Juu ya vilima wingu lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kusema neno la kirafiki.

"Mvua ile haifiki huku," nilisema. "Inakwenda zake Uganda."

Aliangalia wingu, kisha akaniangalia.

"Sawa, mzee," alisema, akanikabidhi ufunguo na kufunga mlango polepole.

Nilikaa kitandani nikavua viatu. Baada ya muda nilisikia nyayo uani. Alikuwa anaanua mashuka, moja moja, bila haraka, akianzia kamba ya mbali, ambako alidhani simwoni. Alimaliza kamba ya kwanza, akamaliza ya pili. Kwenye ya tatu aliondoa mashuka yote isipokuwa moja, lile lililokuwa mbele ya dirisha langu. Hilo aliliacha. Akaingia ndani na kikapu chake, na mvua ilipofika ililowesha lile moja peke yake.